Haki ya Maiti Asiyeacha Kitu



Alhamdulillah, sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu waumini wa Masasi na Newala, nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu tumche Allah katika haki za walio hai na za waliotangulia.

Mwezi Mei 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walitangaza habari ya kaburi lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Alizikwa humo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Kaburi hilo limekadiriwa kuwa la miaka 78,000, kongwe kuliko yote ya binadamu yanayojulikana barani Afrika.

Sikilizeni alivyozikwa. Alichimbiwa shimo kwa makusudi, akalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa inaonyesha kwamba kiwiliwili kiliviringishwa kwa kitu, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichokwisha oza. Sisemi walikuwa na sanda yetu wala kibla chetu. Nasema watu wasio na jembe la chuma waliacha shughuli zao kwa ajili ya mtoto asiyeacha mali wala cheo.

Tusigombane juu ya hesabu ya miaka. Mifupa iliyopatikana Omo, Ethiopia, mwaka 1967, ilitajwa mwaka 2005 kuwa ya miaka 195,000 hivi. Mwaka 2022, baada ya kuchunguzwa majivu ya volkano yaliyoifunika, ikasemwa haipungui miaka 233,000. Wenye elimu walipopata dalili bora walirekebisha kauli yao, na ujuzi kamili ni wa Allah.

Katika Sura al-Maida tumesimuliwa habari ya wana wawili wa Adam. Muuaji alibaki na maiti ya nduguye, hajui aisitiri vipi, hadi Allah alipomleta kunguru akifukua ardhi. Kusitiri maiti ni mafunzo ya Mola kwa wanadamu wote.

Sasa tujitazame. Msimu wa korosho, mtu ana magunia ghalani na masikio yako mnadani. Akisikia kuna msiba wa kichanga au wa mgeni asiye na ukoo, husema wazee watatosha. Akifa mwenye mali, njia haipitiki kwa watu. Kuzika ni faradhi kifaya: wakisimama baadhi yetu wengine wamesamehewa, tukiacha sote tumepata dhambi. Mama zetu wa Newala, miaka ya shida kubwa ya maji, waliteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani ili maiti aoshwe. Sisi wenye pikipiki tutajibu nini?

Basi tusimame kwa kila jeneza, la mkubwa na la mdogo. Tufyeke makaburi yetu, tusilime mihogo juu yake. Na ukikuta mifupa ya kale shambani, simamisha jembe, ifunike, toa taarifa ofisi ya kijiji ili watu wa Mambo ya Kale waje. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja angali hai.

Ewe Mola, warehemu wafu wetu, wakubwa kwa wadogo, wanaojulikana na waliosahaulika, na utujaalie tutimize haki zao kabla hatujazihitaji wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.