Stesheni Haikupakiwa Ndegeni

Ukitoka Giakanja kufuata reli, unashuka Nyeri mjini halafu unapanda matatu ya Kiganjo. Stesheni iko hapo, kwenye njia iliyofika Nanyuki mwaka 1930, ikalala miaka mingi, kisha ikafufuliwa Desemba 2020. Mkoloni ndiye aliyeijenga. Guka alisafiri daraja la tatu, kipande shingoni. Sasa kwa nini sisi ndio tulinde kuta zile?

Vijana wengi watakwambia: bomoa, jenga soko. Si jibu la kipuuzi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa turathi, na likishatangazwa huligusi bila idhini. Kwa mtu asiye na kazi, hiyo ni ploti nzuri iliyofungiwa wafu.

Lakini fikiria karatasi. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa Uingereza walichoma faili nyingi za Hali ya Hatari, na nyingine wakazipeleka kwao. Zilifichwa Hanslope Park, na zilijitokeza 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa kortini London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamishi 5,228. Miaka hiyo yote cucu akisimulia, aliulizwa ushahidi uko wapi.

Stesheni haikuweza kupakiwa ndegeni. Baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, maelfu waliokamatwa Nairobi walipelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road, wengi kwa treni, na shirika la reli lilikuwa lile lile la Kiganjo. Ukibomoa majukwaa hayo unammalizia kazi aliyechoma faili, tena bure.

Ndiyo maana ulinzi wa kupaka rangi hauniridhishi: ukuta unang'arishwa, kibao kinaandikwa mwaka wa ujenzi, watalii wanapiga selfie wakielekea mlimani. Kibao kitaje kipande, daraja la tatu na Manyani, kwa Kikuyu na Kiswahili. Na ghala likiwa tupu, mama mboga aingie auze viazi. Sioni turathi itapungukiwa nini. Maneno ya kibao yatoke kwa waliopanda treni zile, na waulizwe sasa hivi, maana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 ameshapita 90.