Kamera Iliyofunguliwa

Mwaka 1976 zilitoka Japani kamera mbili ambazo hadi leo bado zinatafutwa: Pentax K1000 na Canon AE-1. Ya kwanza ni chuma na springi. Betri yake hulisha kipima mwanga tu, na ikiisha, shata huendelea kufyatuka kama kawaida. Ya pili huongozwa na saketi za umeme. Bila betri haipigi hata picha moja. Zote mbili ziliuzwa kwa wingi, na kwa sababu hiyo zikiharibika ushauri huwa mmoja: usihangaike na fundi, nunua nyingine, itakugharimu kidogo kuliko fundi.

Ushauri huo unasikika kama hesabu, lakini umebeba dai zito kuhusu vitu: kwamba kamera mbili za modeli moja ni kitu kile kile, na kwamba iliyo sokoni ni nzima maadamu haijaonyesha ugonjwa. Siku zilipotoka kiwandani dai hilo lilikaribia ukweli. Karibu nusu karne imelifuta. Moja ililala katika droo kavu. Nyingine iliishi Mombasa au Unguja, ambako unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukikaa hula utando wa kioo. Sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huoza zikanata kama lami. Mafuta nayo huganda, na katika kamera za springi kasi za taratibu, nusu sekunde au sekunde nzima, huanza kuchelewa pasipo mwenye kamera kujua mpaka filamu isafishwe.

AE-1 ina kikohozi chake mashuhuri: ukibonyeza, kioo kinapopanda husikika mluzi wa gia zilizokaukiwa na mafuta. Anayeiacha kwa sababu hiyo akanunua nyingine iliyo kimya, mara nyingi amenunua muda tu, kwani gia ni zile zile na mafuta yana umri ule ule, isipokuwa kama kuna fundi aliyewahi kuingia humo. Ndiyo maana mimi huzigawa kamera kuukuu katika makundi mawili, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa. Ya kwanza kuna mtu aliyeiona ndani, akasafisha, akatia mafuta, akapima kasi. Anaweza kukuambia kipi kimechoka na kipi bado kina nguvu. Ya pili unaijua kwa uso tu, hata iwe inang'aa namna gani. Ubovu unaoujua, naamini kabisa, una thamani kuliko uzima usioujua.

Wengine hutetea matengenezo kwa hoja ya kumbukumbu: ilikuwa ya marehemu baba, alitupigia nayo sote. Naiheshimu hoja hiyo, ila haitoshi. Anayetaka kumbukumbu hahitaji fundi. Kabati linamtosha, na kamera iliyokufa hukumbusha sawasawa na iliyo hai. Anayeipeleka kwa fundi anataka picha ambazo hazijapigwa bado, pengine za wajukuu ambao baba huyo hakuwaona.

Kuna pahali ufundi unaishia. Saketi ya AE-1 ikifa, dawa yake ni kuchukua saketi ya AE-1 nyingine. Hapo fumbo la kale linatua juu ya meza ya fundi. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, mwaka 1655, alilikaza fumbo: je, mtu akizikusanya mbao zilizotolewa akaunda merikebu ya pili? Katika kamera jibu langu ni la upande mmoja. Ile inayoendelea kutumika, inayopita mkono hadi mkono ikijazwa filamu, ndiyo yenyewe, hata moyo wake ukiwa wa kuazima. Iliyotoa spea imekoma kuwa kamera, na hilo si aibu kwake.

Basi kama imezama katika maji ya chumvi na kutu imekwisha kuingia, au spea haipatikani, nunua nyingine bila kujilaumu. Lakini katika bei ya hiyo nyingine tia pia ujira wa kuifungua, ndipo uilinganishe na ujira wa kutengeneza uliyonayo. Wengi hulinganisha bei mbili ambazo moja yake haijakamilika.