Mkuki kwa Nguruwe

Hivi, ndugu msomaji, mtu akitazama mpira ambao hakuulipia, ameiba? Na kama ameiba, ameiba nini hasa, ilhali mpira umechezwa, umekwisha, mshindi amechukua pointi zake tatu, na picha imebaki kule kule ilikotoka?

Nauliza kwa sababu swali hili limeingia majumbani mwetu bila kupiga hodi. Limekuja kwa umbo la kidude kidogo kama kidole, kinachomekwa nyuma ya televisheni, kinaunganishwa na intaneti, na mara sebule inageuka uwanja wa mpira na jumba la sinema. Wengi tunakiita stiki. Google ilitoa Chromecast mwaka 2013, na Amazon ikafuata na Fire TV Stick mwaka 2014. Tuelewane mapema: stiki yenyewe haina kosa, kama kisu kisivyo na kosa. Anayelipia filamu zake akazitazama kwa stiki hana wa kumwuliza. Ninayemzungumzia ni yule anayenunua stiki iliyochakachuliwa, ambayo fundi ameipandikiza programu kutoka nje ya duka la kampuni. Huko nyuma ya pazia yupo mtu anayekamata matangazo ya vituo vya kulipia, kisha anayarusha upya kwa maelfu ya watu bila idhini ya mwenyewe. Fundi wa mtaani anakuuzia mlango wa kuingilia humo.

Washikaji zangu wa kijiweni wana utetezi, na utetezi wao si wa kipuuzi hata kidogo.

Kwanza, wanasema, ni bei. Kijana anayeishi kwa kuunga-unga atalipaje king'amuzi kwa ajili ya mpira, halafu huduma moja kwa ajili ya filamu, nyingine kwa ajili ya tamthilia, na nyingine tena kwa ajili ya ndondi? Mshahara wenyewe uko wapi? Pili, wanasema, wanaoibiwa ni matajiri. Ligi Kuu ya Uingereza imeuza haki za kuonyeshwa nchini mwake peke yake kwa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025/26. Mchota maji kwa kikombe ataikausha bahari?

Tatu, wanasema, utaratibu wenyewe ni kichekesho. Na hapa wana hoja nzito. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1960, mechi hazionyeshwi moja kwa moja siku ya Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, ili watu wasiache kwenda viwanjani. Kati ya mechi 380 za msimu, Waingereza huonyeshwa takriban 270. Kwa hiyo mzee anayeishi hatua chache kutoka uwanjani, asiye na tiketi, hawezi kuiona mechi hiyo kwa halali hata akiwa na fedha, wakati sisi huku Dar es Salaam tunaitazama laivu tukiwa na soda mkononi. Mzee huyo akinunua stiki, je, amwibie nani? Hakuna aliyekubali kumwuzia!

Sheria imekwisha kutoa kauli yake. Mwezi Aprili 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka Uholanzi, kwamba kuuza kifaa kilichopandikizwa programu za namna hiyo ni kuvunja hakimiliki, na kwamba mtazamaji naye hawezi kujificha nyuma ya kisingizio kuwa picha inapita tu. Mwaka 2023 huko Uingereza watu watano waliokuwa wakirusha mechi kwa wateja zaidi ya 50,000 walihukumiwa vifungo ambavyo jumla yake inazidi miaka 30. Sisi nasi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini sheria inaweza kunitia woga tu. Haiwezi kunifanya niamini. Mimi nataka kujua kama jambo lenyewe ni baya hata pale ambapo hakuna polisi.

Tuanze na hilo neno linalopendwa sana: bure. Nani kakwambia ni bure? Fundi umemlipa. Wengine wanamlipa kila mwezi. Bando umelinunua, na picha nzuri ya saa moja hula hata gigabaiti tatu, kwa hiyo mechi moja yenye mapumziko na dakika za nyongeza ni mzigo wa haja. Fedha imetoka mfukoni mwako, ndugu yangu. Ila haikumfikia aliyekimbia uwanjani, wala aliyebeba kamera, wala aliyekaa usiku kucha akiandika maneno ya mwigizaji. Wale watano wa Uingereza walikusanya zaidi ya pauni milioni 7. Huyo si yule mwizi wa hadithi anayewanyang'anya matajiri akawapa maskini. Huyo ni dalali anayeuza shamba la mtu mwingine.

Hata hivyo, mtu anaweza kuniambia: sawa, dalali ni mbaya, lakini wanaoumia bado ni matajiri wa mbali. Hapo ndipo ninapoomba turudi nyuma kidogo, kwenye kisa ambacho kila kijana anayetaka kuandika angepaswa kukijua.

Marekani, ambayo leo inapiga kelele kuliko wote kuhusu wizi wa filamu, ilikuwa bingwa wa wizi wa vitabu. Sheria yake ya mwaka 1790 iliwalinda waandishi wa nchini tu; mgeni hakuwa na haki yoyote. Charles Dickens alipoandika riwaya London, wachapaji wa Marekani waliipiga chapa na kuiuza rahisi bila kumlipa. Alipozuru nchi hiyo mwaka 1842 alilalamika hadharani, na magazeti mengi yakamjia juu. Hoja zao zilikuwa zile zile za kijiweni kwetu: sisi ni taifa changa, vitabu ni ghali, yeye ni tajiri na ana jina kubwa, ashukuru kwamba anasomwa. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1891, Marekani ilipokubali kuwalinda waandishi wa nje.

Sasa nani aliumia? Dickens alipoteza fedha, kweli, lakini njaa hakulala nayo. Aliyeumia ni kijana wa Kimarekani mwenye mswada kwapani. Fikiria amekwenda kwa mchapaji. Mchapaji anamtazama, anaitazama riwaya ya Dickens aliyoipata bure na ambayo watu wanaigombania, kisha anajiuliza: nimlipe huyu kwa kazi gani? Edgar Allan Poe, ambaye leo jina lake linajulikana dunia nzima, ni mmoja wa waliolia na jambo hilo waziwazi. Alikufa mwaka 1849 akiwa fukara. Sisemi ni wizi wa vitabu pekee uliomfukarisha, lakini ulikuwa mmoja wa mawe yaliyomlemea.

Nadhani umeanza kuona ninakoelekea. Bidhaa ya tajiri wa mbali ikigeuka kuwa bure, anayeshindwa kuuza ni maskini wa karibu. Jioni ina saa chache tu. Kama kwa bei ya stiki moja ninamiliki filamu zote za Marekani, tamthilia zote za Kikorea na mechi zote za Ulaya, nitatoa shilingi ya nini kwa filamu ya kijana wa Sinza aliyeazima kamera, akawalisha waigizaji ubwabwa kwa mkopo? Yeye hawezi kushindana na bure. Hollywood inaweza kuvumilia. Yeye hawezi.

Na stiki haichagui rangi ya anayeibiwa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho letu la soka mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu yetu. Fedha hiyo ina maana kwa klabu ndogo ya mkoani inayosafiri kwa basi siku nzima kwenda kucheza, lakini inakuwepo kwa sababu tu kuna watu wanaolipia kutazama. Nisichoelewa ni jinsi mtu anavyoweza kusimama barazani akalia kwamba wasanii wetu hawathaminiwi, wachezaji wetu hawalipwi, waandishi wetu wanakufa maskini, halafu akaingia ndani na kuwasha kile kidude. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kuna mwandishi mwenzangu, kijana hodari tu, huniambia: "Mimi bwana waniibie, mradi nisomwe." Namwelewa. Nani kati yetu asiyetamani kusomwa? Lakini anachanganya mambo mawili. Akitaka kugawa hadithi yake bure, hiyo ni zawadi, na zawadi ina heshima yake. Anayeingiza mkono mfukoni mwake amemnyima hata nafasi ya kuwa mkarimu.

Basi nihukumu vipi? Kijana asiye na kitu, aliyejibanza dirishani kwa jirani kuchungulia fainali, mimi simwiti mwizi. Wala simwoni mbaya anayeazima kitabu au anayemkaribisha rafiki atazame naye. Kitabu kimoja kilicholipiwa kikipita mikono kumi bado ni kitabu kimoja, na mikono hiyo inajuana. Mzee wa Uingereza wa saa tisa mchana namwonea huruma, na wakubwa wa ligi wanastahili kuulizwa kwa nini wanafunga dirisha halafu wanamshangaa anayechungulia kwenye ufa. Bei nazo zisemwe, tena kwa sauti. Lakini mwenye uwezo wa kulipa hata kidogo, anayechagua kumlipa dalali kwa sababu dalali ni nafuu, huyo hana pa kujificha. Umaskini anaoutaja si wake. Ameuazima kwa jirani ili ajitetee nao.

Kipimo changu ni kidogo, na kila mtu anaweza kukitumia peke yake sebuleni. Filamu inapokwisha, yale majina huanza kupanda: mshona nguo, mbeba taa, mpishi, mwandishi. Wengi wetu huzima hapo. Siku moja tuyaache yapande hadi mwisho, tujiulize ni nani kati yao aliyekula kutokana na kutazama kwetu.

Anayepinga aandike, kurasa zipo. Na kama nakala hii umeiazima, soma kwa raha zako, halafu mrudishie mwenyewe.