Neno "Usijali" Halina Muhuri

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, Tanga, aliuza nyumba huku moyoni akijua anakopa. Mkewe alihitaji upasuaji wa haraka, na jirani alikuwa na shilingi milioni 25 mkononi. Wakaandikiana mauziano mbele ya wakili, pamoja na karatasi ya pili: mwalimu ana haki ya kuinunua tena kwa milioni 30 ndani ya miezi 12. Akabaki humo humo akilipa kodi kila mwezi.

Pwani yetu inaujua mtindo huu. Unguja ya karne ya 19, mashamba ya karafuu yaliwekwa hivyo hivyo, kwa bei ya khiyari: mwenye shamba aliliuza, akabakiwa na khiyari ya kulikomboa, na kodi aliyolipa katikati ilikuwa, kwa kweli, faida ya mkopo.

Mwezi wa mwisho ulipofika mwalimu alikuwa na milioni 22 tu. Akaenda kwa jirani jioni.

"Mwanangu, niongezee miezi miwili."

"Usijali, mwalimu. Sisi si ni ndugu?"

Wakanywa kahawa. Hakuna aliyeshika kalamu. Wiki saba baada ya tarehe kupita, mwalimu alirudi na milioni 30 kamili. Jirani hakuzipokea. Hati ilikuwa tayari kwa jina lake, na alishapata mnunuzi mwingine.

Kesi ilifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwalimu akasimulia ile jioni ya kahawa, jirani akakana. Shahidi hakuwepo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pande zote zikikusudia muda uwe kiini cha mkataba, anayechelewa humpa mwenzake nafasi ya kuuvunja. Na haki ya kununua tena huishi ndani ya muda wake tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka mikataba ya kuhamisha ardhi iwe ya maandishi. Wakili wa mwalimu alijaribu kusema kwamba ile ilikuwa rehani iliyovishwa kanzu ya mauziano, hoja ambayo mimi naiona ya haki kabisa. Lakini karatasi zote mbili zilisema "kuuza", na saini ya mwalimu ilikuwa chini yake. Madai yakatupiliwa mbali.

Kinachoniuma ni udogo wa kilichokosekana. Mstari mmoja wa nyongeza kabla ya tarehe, saini mbili, mashahidi wawili. Au siku ya mwisho aende na alichonacho, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na akikataliwa aandike barua siku hiyo hiyo. Tena mapema zaidi, angeweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Na zaidi ya yote, deni lingeandikwa kwa jina lake, yaani rehani, maana mkopeshaji mwenye rehani hawezi kuuza nyumba bila kutoa notisi kwanza.

Sasa mwalimu na mkewe wanaishi chumba kimoja kwa binti yao, Muheza. Nawe msomaji, kama una karatasi ya namna hii sandukuni, itoe usiku huu usome tarehe yake. Ikiwa haijapita, kesho asubuhi nenda ukaombe nyongeza, na uende na kalamu na mashahidi.