Alama ya Kwanza Si Aibu



Ukishuka pantoni ya Kigamboni asubuhi ukaingia soko la samaki la Feri, tazama jinsi wachuuzi wanavyopanga mafungu yao. Mwaminifu huweka samaki wa leo kando na wa jana kando, kila fungu na bei yake. Asiye mwaminifu huwafunika wa jana kwa wa leo, na mnunuzi hugundua akiwa jikoni. Kumwuza samaki wa jana si haramu. Kosa ni kumficha.

Mfano huu watufaa katika jambo linalowatatiza vijana wetu wengi. Tumchukue kijana aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akaanguka katika hisabati. Mchana akapaa samaki Feri, jioni akahudhuria masomo Kariakoo, kisha akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Sasa anaomba chuo kikuu, na fomu inamtaka aandike mitihani yote aliyoifanya, namba na mwaka. Rafiki anamnong'oneza: "Taja ule mzuri tu. Nani atajua?"

Je, akinyamaza atakuwa amesema uongo?

Kunyamaza kuna namna mbili. Mtu halazimiki kutangaza njiani kila alipojikwaa. Asiyeulizwa hana deni la jibu. Ama aliyeulizwa waziwazi, naye akatia sahihi kwamba aliyoyaandika ni kamili, kunyamaza kwake ni kauli, na kauli hiyo si ya kweli.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutokiweka kilicholowa juu, watu wakione.

Huenda utauliza: ni nani aliyedhurika? Nafasi za chuo zina hesabu. Anayeingia kwa kuficha huenda amemtoa aliyesema kweli. Naye mwenyewe ataishi na hofu, kwani Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, hutunza kumbukumbu zake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kosa lao ni kubwa kuliko la kijana wetu, lakini njia ya kuliendea huanza na hatua ndogo kama hii.

Nasi tunaopokea fomu, na sisi wazazi, tunao wajibu wetu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Serikali ikayafuta matokeo hayo mwaka 2013 na kuagiza yapangwe upya. Basi alama ya kwanza haimpimi mtu daima. Tukimdharau aliyerudia, tunamfundisha kuficha, kisha tunamwadhibu kwa somo tulilompa wenyewe.

Ewe kijana, iandike mitihani yote miwili. Wa kwanza waeleza mahali ulipoanguka, wa pili waeleza kwamba uliinuka. Ukiufuta wa kwanza, ni nani atakayejua kwamba uliinuka?