Mashine iwe na mwenyewe, somo je?

Marehemu mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nilisubiri kwenye benchi la nje pamoja na watoto wa wagonjwa wengine. Kazi ilipokwisha salama, Alhamdulillah, nilimuuliza daktari mkono wake ulijifunzia wapi kazi ile. Akanijibu bila kuficha: "Kwanza kwenye macho ya mbuzi tuliyoyatoa machinjioni, kisha kwenye macho ya watu kama mama yako." Nilicheka, lakini usiku ule jibu lake lilinirudia. Nilikumbuka msemo wa Waarabu juu ya mtu anayejifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Mtu huyo hachagui kichwa cha mtoto wa tajiri, kwa kuwa yule ana baba atakayeuliza.

Ndugu msomaji, leo ipo njia ya kumpumzisha yatima huyu. Zipo mashine za kompyuta zinazomuigizia mwanafunzi upasuaji. Anatazama kwenye darubini au miwani maalumu, anashika vifaa mfano wa vile vya kweli, na mbele yake linatokea jicho ambalo halina mwenyewe. Akikosea, utando unapasuka kwenye kompyuta tu, na anaanza upya. Hili si jambo la kujifurahisha. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwahusisha madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji wa mfuko wa nyongo. Wale ambao hawakupitia mashine walielekea mara tano zaidi ya wenzao kujeruhi mfuko huo au kuunguza sehemu isiyohusika. Nchini Uingereza, kiwango cha madaktari wanafunzi kupasua utando wa nyuma ya lenzi ya jicho kilishuka kutoka asilimia 4.2 mwaka 2009 hadi asilimia 2.6 mwaka 2015, katika miaka ambayo mashine hizi zilienea kwenye mafunzo yao.

Sasa linakuja swali ambalo kwa juu juu ni la wanasheria, lakini mimi naliona ni la kila mwenye mama. Je, mafunzo ya namna hii yanaweza kupewa hataza? Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20, ili mwingine asiutengeneze wala kuutumia bila ruhusa yake.

Tuwe waadilifu. Aliyekesha miaka akibuni mota ndogo inayomfanya mwanafunzi ahisi ugumu wa nyama isiyokuwepo, ametoa jasho, na jasho la mtu si halali kuliwa bure. Wanazuoni wetu hawakulinyamazia hili. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinatambuliwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo sina ugomvi na mwenye mashine.

Ugomvi wangu unaanzia pale mashine inapotumiwa kama kanzu ya kulivika somo. Maombi ya hataza za aina hii mara nyingi hayaishii kwenye mota na vioo. Huomba pia mfuatano wenyewe: mwonyeshe mwanafunzi kifaa, mwache ajaribu, pima kosa lake, mpe alama, kisha mrudishe kwenye hatua aliyoshindwa. Lakini hivyo sivyo alivyotufundisha maalimu wa chuoni, kwa ubao na bakora?

Mahakama zimeanza kuliona hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Alice, ilisema kwamba wazo tupu halipati hataza kwa sababu tu limepitishwa kwenye kompyuta. Mwaka 2021 baraza la juu la rufaa la ofisi ya hataza ya Ulaya lilisema kwamba uigizaji wa kompyuta haupati hataza kwa sababu tu kinachoigizwa ni cha kifundi. Lazima uvumbuzi wenyewe utatue tatizo la kifundi. Mstari umechorwa, lakini ni mwembamba, na mwandishi hodari wa maombi hujua kuuruka.

Kwa nini niogope? Kwa sababu limeshatokea, tena kwenye mtoto wa jicho. Mwaka 1992 daktari wa macho wa Arizona, Samuel Pallin, alipewa hataza ya namna ya kuchana jicho ili kidonda kijifunge bila kushonwa. Hakikuwa kifaa, ilikuwa ni namna ya kupitisha kisu. Mwaka uliofuata akamshitaki daktari mwenzake. Madaktari wakashituka, kesi ikamshinda mwaka 1996, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha kwamba daktari asidaiwe fidia kwa kufanya tiba iliyowekewa hataza ya namna hiyo.

Sasa tazama kwa makini maneno ya sheria hiyo. Inasema kinga inahusu tiba inayofanyika juu ya mwili, na mwili ni wa binadamu, kiungo chake, maiti, au mnyama anayetumika katika utafiti na mafunzo ya tiba. Kwa hesabu hiyo, jicho la mbuzi limo. Jicho la kompyuta halimo. Tena kinga hiyo haimsitiri anayetumia mashine yenye hataza bila ruhusa. Maana yake ni kwamba kadiri mafunzo yanavyohama kutoka kwenye nyama kwenda kwenye kompyuta, ndivyo yanavyotoka kwenye kivuli cha kinga na kuingia kwenye jua la madai.

Wapo watakaonijibu kwamba hataza haifichi elimu, kwani mvumbuzi hulazimika kueleza uvumbuzi wake hadharani. Ni kweli. Lakini tofauti gani ipo, kwa mgonjwa, kati ya elimu iliyofichwa na elimu isemayo: nijue, lakini usinitende? Mtume (SAW) alimuonya vikali mwenye kuulizwa elimu akaificha. Na babu yetu wa fani hii, Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, alichora vifaa vya upasuaji vipatavyo 200 katika kitabu chake cha Al-Tasrif akieleza na matumizi yake. Karne ya 12 kitabu kikatafsiriwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza kwacho. Hakuna aliyetozwa kwa kuushika mkasi kama alivyoelekeza.

Wengine watasema haya ni ya Wamarekani. Kweli, hataza ya Marekani haina nguvu Dar es Salaam mpaka isajiliwe huku, na nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zimepewa muda hadi Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza sehemu kubwa ya mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Biashara la Dunia. Wala kukosekana kwa hataza peke yake hakutaleta mashine kwenye hospitali zetu. Lakini vijana wetu wanaoandika programu wanaweza kesho kutengeneza jicho la kompyuta la bei nafuu, kwa mota zao wenyewe na njia yao wenyewe. Wakitaka kuliuza nje, wasije wakaambiwa kwamba hatua za kufundisha zina mwenyewe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mwenye mashine apewe haki ya mashine yake. Lakini anayefundisha hatua zilezile kwa chombo alichokibuni mwenyewe asiitwe mwizi, kwani hakuchukua jasho la mtu, amechukua somo. Sheria ya kinga nayo iongezewe jicho lisilo la nyama.

Mama yangu aliona hadi alipofariki. Daktari yule alishajifunza kwa wengine kabla yake, na sijui macho yao yaliishia wapi. Hao ndio mayatima ninaowasemea.

Wallahu a'alam.