Rasilmali ni Idadi, au ni Thamani?

Mwaka 2024 tuliletewa suali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani yetu hii, ambaye makazi yake ni Marekani. Alitwambia kwamba mwezi wa Mei 2022 aliweka dola 10,000 katika hati za akiba za serikali ya huko, zile zijulikanazo kwa herufi I, na kwamba baada ya miaka miwili alizikuta zimefika dola 11,200 na kitu. "Sheikh wangu," akauliza, "vipi hii iwe riba, ilhali kwa dola 11,200 sinunui leo ila kile nilichokuwa nikikinunua kwa 10,000? Nilichokula ni kipi?"

Suali hili halitaki kujibiwa kwa makaripio. Wako wenzetu ambao wakisikia tu kwamba fedha imezidi huruka wakasema haramu, na ukiwauliza imezidi kwa njia gani hawajui. Na wako vijana wetu waliosoma hesabu ambao hutucheka, wakadhani sisi twafikiri shilingi ya leo ni ile ya babu zetu. Basi natukijue kwanza kitu chenyewe.

Hati hizo zilianza kuuzwa Septemba 1998. Anunuaye huwa ameikopesha serikali. Hawezi kuidai fedha yake kabla ya miezi 12, na akiitoa kabla ya miaka mitano hukatwa nyongeza ya miezi mitatu ya mwisho. Akiiacha, huendelea kuzidi hata miaka 30. Nyongeza yenyewe ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kiwango kisichobadilika, ambacho Wizara ya Fedha hukitangaza kila Mei na kila Novemba kwa hati mpya, na mwenye kununua hukaa nacho muda wote wa hati yake. Fungu la pili hufuata bei za vitu: hutazamwa bei za mijini zimepanda kiasi gani kwa miezi sita, kiasi hicho kikazidishwa mara mbili kiwe cha mwaka, kisha kikaungwa na kile kisichobadilika. Novemba 2023, kwa mfano, kisichobadilika kilikuwa 1.30 kwa mia, na bei za miezi sita zilikuwa zimepanda 1.97, mara mbili ni 3.94, ukiongeza 1.30, pamoja na chembe itokayo kwa kuzidisha mafungu mawili yenyewe, wapata 5.27 kwa mia. Lakini ndugu yetu alinunua Mei 2022, na wakati huo kisichobadilika kilikuwa sifuri. Bei zilikuwa zimepanda 4.81 kwa miezi sita, naye akaandikiwa 9.62 kwa mwaka, yote ni ya kupanda kwa bei, hamna jingine ndani yake. Kwa hiyo suali lake lina nguvu kuliko la mwingine yeyote.

Fungu la kwanza halitusumbui. Aliyenunua mwaka 1998 alipewa 3.40 kwa mia juu ya bei. Aliyenunua Mei 2022 hakupewa hata senti juu yake. Wote wawili hununua mkate katika duka moja, na mkate umepanda kwa wote sawasawa. Hiyo 3.40 basi si fidia ya mkate. Ni kodi ya fedha, na kodi ya fedha ndiyo riba, wakiiita faida au wasiiite.

Fungu la pili ndilo lenye mashaka. Qur'ani, katika Suratul Baqara, yampa mwenye kutubia riba haki ya rasilmali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Je! rasilmali hiyo ni idadi ya vipande, au ni nguvu yake ya kununua? Wasidhani vijana wetu kwamba suali hili limezuliwa na maprofesa wa siku hizi. Wanachuoni walilijadili zamani katika sarafu za shaba, ambazo thamani yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Abu Hanifa alisema mdaiwa arudishe idadi ile ile. Abu Yusuf, mwanafunzi wake, alikuwa pamoja naye, kisha akarejea, akasema arudishe thamani. Na Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika risala nzima katika mambo hayo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mkopo hurudishwa kwa mfano wake, na Imamu Suyuti aliandika juu ya jambo hili wakati sarafu za Misri zilipobadilika. Karibu na zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Kuwait Desemba 1988 iliamua kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, wala haijuzu kulifunga na kiwango cha bei.

Kwa muqallidi hayo yatosha. Lakini ndugu yetu hakutuuliza uamuzi tu. Alituuliza uadilifu wake, na haki yake ajibiwe hapo alipouliza.

Tumwachie basi hoja ya Abu Yusuf, tuone kama yamfaa. Abu Yusuf alisema thamani, sarafu ikirahisika na ikighalika pia. Mizani yake ina vitanga viwili. Sasa tuiangalie hati ya Marekani. Kati ya Septemba 2008 na Machi 2009 bei za huko zilishuka 2.78 kwa mia. Maana yake ni kwamba dola ilipata nguvu, na kwa hesabu ya thamani mwenye dola 1,000 alistahili kurudishiwa 972 tu. Je! alirudishiwa hizo? La. Kanuni ya hati hizo ni kwamba kiwango hakishuki chini ya sifuri, kwa hivyo kuanzia Mei 2009 kila hati ilisimama miezi sita bila kuzidi, na hakuna aliyepunguziwa rasilmali. Bei zikipanda huambiwa rasilmali ni thamani. Bei zikishuka huambiwa rasilmali ni idadi. Mwenye kukopesha amechaguliwa katika kila hali lile limfaalo, na amelichaguliwa tangu siku ya mkataba. Hayo Abu Yusuf hakuyasema.

Tena serikali yenyewe huihesabu nyongeza hiyo yote kuwa pato, ikaitoza kodi ya mapato. Ingekuwa yaamini kwamba imemrudishia mtu chake tu, ingemtoza kwa lipi?

Pamoja na haya hatusemi kwamba hasara ya ndugu yetu si hasara. Tunaijua, kwani imetupita mikononi. Mzee mmoja katika darasa letu alimkopesha jirani yake shilingi 100,000 mwaka 2011 aezeke nyumba. Jirani alizirudisha mwaka 2022, kamili, idadi ile ile. Mzee akaenda nazo dukani, akakuta mabati anayoweza kuyanunua ni karibu nusu ya yale yaliyokwisha pandishwa juu ya paa la mwenziwe. Alikuja kutuuliza, tukamwambia haki yake ni laki moja. Akasema, "Nimesikia, Sheikh," akavaa viatu vyake akenda zake. Usiku ule hatukulala vizuri.

Baadaye tulijua kwamba jirani huyo alikuwa na uwezo wa kulipa tangu mwaka 2014, akawa yuasogeza tu. Hapo ndipo dhuluma ilipokuwa, nasi tulikosea kwa kutouliza. Kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amekwisha kuuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Naye mwenyewe alilipa ngamia aliye bora kuliko yule aliyemkopa, bila ya kushurutishwa. Mdaiwa wetu angeweza kuongeza kwa hiari yake, na ingekuwa halali yake na ya mzee. Na mzee naye, lau angetuuliza kabla ya kukopesha, tungalimwambia: kopesha mabati. Yahesabu, mkabidhi, na siku ya kulipa akurudishie mabati kwa idadi na sifa ile ile, yawe ghali yawe rahisi. Mkopo huo wafaa katika madhehebu yetu, na mabati hayaliwi na bei. Lakini yawe ni mabati ya kweli yaliyopita mkononi, si jina lililoandikwa karatasini huku noti zikihesabiwa mezani.

Ndugu yetu wa Marekani tulimwandikia kwamba dola 10,000 ni zake, azitoe, azitie katika biashara ya shirika au katika mali ashikayo, akubali kupata na kukosa. Zile 1,200 na kitu, kodi ikisha tolewa humo, awape wahitaji bila kutaraji thawabu ya sadaka. Akarudisha jibu kwamba hajatimiza miaka mitano, na akitoa sasa atakatwa nyongeza ya miezi mitatu. Tukamjibu asiililie hiyo, kwani haikuwa yake.